Aloi Isiyopata Doa

Saa tatu asubuhi, maabarani wapo wanne: mtafiti mwenyewe; profesa anayemsimamia; fundi wa maabara, mzee anayekaribia kustaafu; na dada mkubwa wa mtafiti, aliyeleta gauni la mahafali lijaribiwe kabla ya kupigwa pindo.

Mezani kuna vipande vya aloi, yaani mchanganyiko wa metali za alumini na magnesi, kazi ya mikono ya mtafiti huyo, vilivyotolewa kwenye maji ya chumvi baada ya miezi sita. Havina hata doa. Leo tasnifu yake ya udaktari inakwenda kwa watahini.

“Daktari, tabasamu basi,” fundi anamtania.

“Bado, mzee wangu. Usinitie nuksi.”

Safari yake ilianzia kwenye zahanati alikokuwa muuguzi mama yake. Kisima kilitoa maji ya chumvi. Kila pampu iliyofungwa ililiwa na chumvi, na wagonjwa wakaambiwa waje na maji yao. Binti akasomea ufundi wa vyuma, akafanya kazi kiwandani miaka minne, kisha akarudi chuoni, ada akiilipa kwa kufundisha hesabu jioni. Sasa kiwanda cha pampu kinaisubiri aloi yake.

Anachukua kipande cha akiba, ambacho hakikuzamishwa, amwonyeshe dada yake. Anakidondoshea maji ya chumvi. Tone halitandai, linaviringika kama liko juu ya jani la mgomba.

Anamgeukia fundi.

“Mzee, nikishavisugua vipande, huwa unavifanya nini?”

“Navipangusa tu kwa kitambaa cha mashine. Ulitaka vizame na alama za vidole?”

“Kitambaa chenye mafuta?”

Fundi anaketi. “Mungu wangu.”

Kwa miezi sita, mafuta yaliizuia chumvi kuigusa aloi. Kilichopimwa ni mafuta.

Profesa anavua miwani. “Huenda aloi yenyewe ni imara vilevile.”

“Huenda, Profesa. Ila zahanati haifungiwi pampu ya huenda.”

“Na gauni je?” dada anaingilia. “Mwenzio nimeshawatangazia majirani!”

“Litundike, dada. Pindo liache, nisije nikanenepa.”

Anavaa glavu, kisha anawageukia wote.

“Tasnifu haiendi leo. Kiwandani nitawaeleza mwenyewe kilichotokea. Vipande vyote vinasuguliwa upya, vinaoshwa kwa spiriti, vinarudi majini. Na wewe, mzee wangu, ndiye utakayevizamisha. Kwa kibano.”