Ukuta wa Katikati na Kaimati za Mama

Nianze na ujinga wenyewe, maana mtausikia tu, na afadhali muusikie kwangu kuliko kwa jirani zetu, ambao kwa kutia chumvi hawana wenzao. Ramadhani ya mwaka jana, jua likizama na Doha nzima ikikimbilia nyumbani kufuturu, nilivuka nusu ya barabara kuu kwa miguu, nimebeba hotpoti ya kaimati, nikapanda ukuta wa zege wa katikati. Nusu tu. Nusu ya pili ilinikatalia.

Sisi tunakaa Al Thumama. Ukichungulia dirisha la jikoni kwetu, ng'ambo ya barabara unaiona nyumba ya mwanamke mmoja wa Mombasa ambaye mimi namwita mama mdogo, ingawa hatuna undugu naye zaidi ya sukari na bizari tunazoazimana. Mama yangu ni wa Unguja. Hapa Doha hana dada, hana wifi, hana shoga mwingine. Baba anaendesha basi la wafanyakazi, anatoka alfajiri na kurudi amejaa vumbi. Mimi niko shule. Kwa hiyo mchana kutwa mama alikuwa na simu sikioni, anabishana na mama mdogo kama pweza anatiwa ndimu kabla ya nazi au baadaye, na siku ikapita.

Kila Ramadhani walikuwa wakipelekeana futari, na mchukuzi ni mimi. Zamani haikuwa kazi. Katikati ya barabara palikuwa na tuta dogo la maua. Unangoja taa za mbele ziwashike madereva, unaruka, umefika, uji bado unatoa moshi. Kisha wakaja mafundi na mashine zao, wakaongeza njia, wakang'oa maua, wakasimamisha ule ukuta. Tangu hapo, kwenda kwa mama mdogo ni kutembea hadi kwenye njia inayopita chini ya barabara, mbali kiasi kwamba ukifika umesahau ulitumwa nini.

Halafu wakagombana. Ilikuwa mwezi wa Shaabani, kwenye maulidi huko Muaither. Mama mdogo aliuma kaimati ya mama mbele ya wanawake wote, akasema, "Shoga, hizi wape wale wanaojenga barabara. Kokoto hizi!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama naye akacheka, tena kwa sauti. Tulipofika nyumbani akaizima simu.

Ramadhani ikaingia, simu kimya. Mama akawa anaongea na kikaango. Siku moja nilimkuta kasimama dirishani, anaitazama ile nyumba ya ng'ambo. Nikamuuliza anaangalia nini, akasema anaangalia kama kioo kina vumbi. Kioo kilikuwa safi kiasi cha kukigonga kwa pua.

Siku ya tukio alikanda unga mapema. Mkupuo wa kwanza aliutupa. Wa pili akautazama, akaminya moja kwa vidole, akazitia zote shira na kuzipanga kwenye hotpoti yake nzuri, ile ya maua.

"Mpelekee mama yako mdogo," akasema. "Zifike zina moto, kabla ya adhana. Zikipoa zitakaza, naye atapata la kusema."

"Na akisema?"

"Basi tena. Sitampelekea kitu, wala sitamtafuta." Alifunga mfuniko polepole, kama mtu anayefunika mtoto aliyelala. "Na upite chini. Umenisikia? Chini!"

"Nimesikia, mama."

"Na mfuniko wangu urudi."

Kusikia nilisikia, masikio yangu hayana ubovu. Tatizo ni kwamba kwanza nilikaa kwenye ngazi za jengo letu kumalizia mchezo kwenye simu, na nilipoinua macho jua lilikuwa limeshapiga magoti. Kwa njia ya chini, kaimati zingefika baridi na baada ya adhana. Nikautazama ule ukuta.

Niseme ukweli, ukuta ule nilikuwa nimeuchunguza sana nikiwa kwenye basi la shule. Chini una mguu uliotokeza nje na kulala kwa mteremko, kisha unapanda wima mpaka kifuani pangu. Mimi, mtaalamu, nikawa nimeshaamua kwamba mainjinia hawa ni watu wa huruma: wametuwekea kidato cha kukanyagia.

Taa zikayashika magari. Nikakimbia. Nikakanyaga kile kidato, kiatu kikateleza, goti likasalimiana na zege. Nikaitanguliza hotpoti juu, nikajivuta na kukaa. Nikatazama upande wa pili.

Mtu ambaye hajaona madereva wa Doha wakikimbilia magharibi ya Ramadhani hajaona kitu. Mpole wa watu, aliyekupisha mlangoni asubuhi, saa hiyo anaendesha kama sambusa zake zinaungua jikoni. Magari yalipita bila mwanya hata wa paka. Nikageuka nyuma: taa zimefunguka, na huko nako moto ni ule ule.

Karibu yangu palikuwa na nguzo ya taa. Hapo ukuta unagawanyika mara mbili ili kuizunguka, na katikati panabaki shimo. Nikajitumbukiza humo na hotpoti nikaiegesha ukingoni. Likapita lori. Upepo wake ukaudaka mfuniko, uliokuwa umelegea nilipoteleza, ukaubiringisha barabarani, na gari lililofuata likapita juu yake. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. Ulikuwa mfuniko, sasa ni chapati.

Hapo vichekesho vikaniisha.

Halafu ikaja Land Cruiser nyeupe. Dereva alikuwa amejiinamia upande, anatafuta kitu kwenye kiti cha pili, na gari lilikuwa linakuja kwangu taratibu, kama linataka kuniambia siri. Nikajikunja chini. Tairi likapanda kidato cha upande huo, pacha wa kile changu. Gari likainuka ubavu, likasugua, ukuta haukutikisika hata kidogo. Kisha lenyewe likateremka, likarudi kwenye njia yake na kuendelea, dereva sasa kashika usukani kwa mikono miwili na macho yamemtoka.

Nilipochungulia, mstari mweusi wa mpira ulikuwa umechorwa pale pale nilipopanga kushushia mguu.

Ndipo nilipoelewa kidato kile ni cha nani. Ni cha tairi. Likikosea, lipande kidogo, likose nguvu, lirudishwe lilikotoka, badala ya kuvukia upande wa pili na kukutana uso kwa uso na mtu asiye na habari. Nikaangalia urefu wa ukuta, nikaona umejaa mistari ya namna ile. Kila mmoja ni mtu aliyesinzia, au aliyeokota simu, na bado akafika kufuturu. Walikuwa wamefikiria kila mtu, isipokuwa mvulana mwenye kaimati.

Nikiwa katika tafakuri hiyo, likapita basi la baba.

Macho yetu yakakutana. Nikampungia mkono. Sijui kwa nini. Mkono ulijipungia wenyewe. Nikaona mdomo wake umefunguka, na nyuma yake vichwa vya wafanyakazi vimebanana kwenye vioo vyote. Hangeweza kusimama. Basi likaenda hadi kwenye dawari, ule mzunguko wa kugeuzia magari.

Ng'ambo, nikasikia sauti ninayoijua. Mama mdogo alikuwa kasimama pembeni ya barabara na dera lake, simu sikioni. Kumbe alikuwa ameniona kutoka dirishani kwake, akampigia mama, na siku hiyo simu ya mama ilikuwa imeshawashwa.

"Shoga, yu hai!" alikuwa anapiga kelele kwenye simu. "Yuko katikati hapa kama nguzo! Usilie, bwana, namwona! We mwana we! Kaa papo hapo, usijikune hata!"

Sikujikuna.

Basi la baba likarudi upande wa mama mdogo, likaegeshwa pembeni, taa zote zinamweka. Wakati huo huo adhana ikasikika kutoka msikitini, na barabara ikamwagika yote, tupu kama uwanja wa shule siku ya likizo. Baba akaja kwa miguu, kanyanyua mkono kuzuia magari ambayo hayapo. Akanitoa shimoni kwa kola. Njiani akainama, akaiokota ile chapati ya mfuniko, akaitia mfukoni.

Ndani ya basi watu walikuwa wamefunga kutwa na kambi yao ya kulala bado iko mbali. Baba akaipitisha hotpoti. Mlinzi mmoja Mkenya akachukua kaimati yake na kuniangalia.

"Kijana, na pale kati ni steji ya wapi?"

Basi zima likacheka. Hotpoti ikazunguka, ikamfikia mama mdogo, aliyepanda bila kukaribishwa, imebaki kaimati moja. Akaitafuna huku kafumba macho. Tulizunguka dawari hadi kwetu naye bado anailamba shira vidoleni.

Mama alikuwa chini ya jengo, pekupeku. Mama mdogo akatangulia kushuka.

"Shoga," akasema, "ile ya mwisho nimeila mimi. Imepoa, na laini vile vile. Kokoto lilikuwa jino langu."

Mama akamshika mkono, hakumwachia, lakini macho yake yalikuwa kwangu. Baba akauchomoa mfuniko mfukoni na kumpa. Mama akaugeuza, akaona alama ya tairi imepita katikati ya maua. Akauangalia, akaniangalia mimi, kisha akauangalia tena. Nikaona nijitetee.

"Mama, umesema mfuniko urudi. Umerudi."

Mama mdogo akaziba mdomo. Mama akanivuta kwa sikio mpaka kifuani kwake, akanibana hadi nikakosa pumzi, akasema:

"Mfuniko nitapata mwingine. Mtoto mwenye mdomo kama huu ningempata wapi? Haya, kanawe, mihogo inapoa."