Nyumba ya Kukeshea

Saa moja na nusu ya usiku Munif alizima taa ya sebuleni, akamnong'oneza mkewe asikohoe.

"Nisikohoe?" Nuhad aliuliza. "Nimekuwa mwizi nyumbani kwangu?"

"Mpaka saa mbili tu. Wakiona giza watasema hatupo."

"Na moshi? Bomba la jiko la kuni linatoa moshi kijiji kizima kinauona, huo nao utaunong'oneza?"

Munif alivuta pazia la dirisha. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mwokaji wa mikate kule bondeni, na kazi yake ilianza saa tisa usiku. Tangu baridi iingie alikuwa amesinzia mbele ya tanuri mara mbili, na mara zote mbili mikate ikatoka kama makaa. Fawwaz, mwenye tanuri, alimwambia bila kupaza sauti, "Ami Munif, ya tatu sitaivumilia." Katika milima ile ya Akkar, mtu wa umri wake akipoteza kazi hapati nyingine. Usiku huo alihitaji kitu kimoja tu duniani, nacho ni usingizi.

Lakini nyumba yake ilikuwa nyumba ya sahra. Kiswahili tungesema kukesha, ila kesha letu mara nyingi lina mgonjwa ndani yake, au maiti, au sala. La kwao lina kahawa, karata na mbegu za maboga. Mtu akikutana na mwenzake njiani hamuulizi kama atakuwa na nafasi jioni, anamwambia, "Leo tunakesha kwako," na yule anajibu, "Mtanipa heshima." Hakuna jibu lingine. Baba yake Munif alikeshewa katika sebule ile miaka arobaini. Na tangu mafuta ya kupashia nyumba joto yapande bei hadi mwalimu mstaafu akawa analala na koti, watu wote wa mtaa wa juu walihamia kwa Munif, mwenye kuni za mzeituni alizokata mwenyewe. Walaumiwe wao? Walaumiwe walioiacha nchi nzima itetemeke gizani! Lakini hao hawakuwa wakikesha kwa Munif.

Mlango uligongwa.

"Abu Wadih!" Sauti ilikuwa ya Abu Ghattas, mzee aliyefiwa na mkewe, wa nyumba ya tatu, aliyemwita Munif baba wa Wadih, kwa jina la mwanawe aliyeko Australia, kama walivyomwita wote. "Umeme umekukatikia peke yako? Usiogope, nimekuja na tochi!"

Nuhad alicheka hadi akakohoa. Munif akawasha taa.

Nyuma ya Abu Ghattas walikuwepo Umm Milad, jirani wa ukuta mmoja, na kaka yake Shafiq, ambaye kila alipokwenda alikwenda na karata zake mfukoni.

"Mlikuwa gizani mnafanya nini, enyi wazee?" Umm Milad aliuliza. "Tumewaharibia?"

"Kaa chini, mwanamke usiye na haya," Nuhad alimjibu, akaenda kuweka birika.

Wakacheza. Munif alipoteza mara nne mfululizo kwa sababu karata nyekundu na nyeusi zilikuwa zimeanza kufanana. Mara moja alitaka kupiga mwayo, akaugeuza kuwa kikohozi. Mwenyeji akipiga miayo mbele ya wageni ni sawa na kuwashikia viatu mlangoni.

"Macho yako mekundu," Shafiq alimwambia.

"Moshi."

"Basi safisha bomba, bwana, utatuua."

Kila mmoja wao alijua anaamka saa ngapi. Mikate yake ndiyo waliyoila asubuhi. Lakini katika vichwa vyao kazi ya Munif na sebule ya Munif vilikuwa vitu viwili visivyojuana.

Saa nne na nusu muujiza ukatokea. Umm Milad alijipiga mapajani kwa viganja, akasema, "Haya, tumewachosha, mlale salama." Wakasimama wote watatu. Shafiq akakusanya karata.  Munif alihesabu upesi: angepata saa nne kamili za usingizi.

Naye akasimama, na mdomo wake, uliofundishwa kabla hajaota ndevu, ukasema peke yake:

"Mnakwenda wapi? Bado mapema! Wallahi hamtoki!"

Ndivyo kila mwenyeji anavyosema, na kila mgeni anajua kwamba hapo anatakiwa kushukuru na kutoka. Umm Milad alikwisha fika mlangoni. Lakini Abu Ghattas, aliyekuwa akirudi kwenye kitanda cha barafu na ukuta usiomjibu, aligeuka.

"Mmesikia? Mtu ameapa."

"Ni maneno tu, Abu Ghattas," alisema Nuhad haraka.

"Maneno gani? Ametaja jina la Mungu. Nimvunjie kiapo chake nyumbani kwake? Kaeni!"

Wakakaa. Munif naye akakaa. Nuhad alimtazama mumewe kama mtu anayetazama sahani inavyoanguka, imeshaondoka mkononi na haijafika chini.

Waliondoka saa saba.

Kule kwenye tanuri Munif alikanda, akakata madonge, akaingiza mkupuo wa kwanza na wa pili. Baada ya kuingiza wa tatu aliketi juu ya gunia la unga ili afunge kamba ya kiatu. Alipofumbua macho Fawwaz alikuwa amemshika bega, na chumba kilikuwa cheusi kwa moshi.

"Ami, nenda ukalale," Fawwaz alisema. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Usirudi. Nisamehe."

Kabla ya adhuhuri mtaa wa juu wote ulikuwa na habari. Jioni hawakungoja giza liingie. Abu Ghattas alileta machungwa, Umm Milad alileta sinia ya wali na dengu, na wote walimlaani Fawwaz kwa mapenzi makubwa.

"Hatukuachi peke yako na huzuni," Umm Milad alisema. "Leo tunakesha nawe mpaka asubuhi."

Munif alifungua kinywa. Alitaka kuwaambia. Alitazama mikono ya Abu Ghattas iliyonyooshewa moto, yenye mishipa ya bluu, akakifunga tena.

"Halafu usihuzunike," Shafiq alisema akichanganya karata. "Nimeshazungumza na shemeji yangu wa ghala la viazi. Anatafuta mlinzi wa usiku. Nikamwambia, ninaye mtu, kukesha kwake si kazi, ni maumbile!"

Wakacheka wote, wakampiga mgongoni, wakamtakia heri. Wakangoja ajibu.

"Mungu akulipe, Shafiq," alisema Munif.

Nuhad aliingia jikoni, akakaa humo muda mrefu kuliko maji yanavyohitaji kuchemka.