Mistari Elfu Moja na Mia Nne

Kazini kwetu Montevideo, mtaa wa Cordón, hakuna aliyechekwa kama Nélida Bentancur, na mimi nilikuwa mstari wa mbele kumcheka. Alikuwa na miaka hamsini na nne, mzaliwa wa Paysandú, chupa ya maji moto ya kutilia mate, chai ya majani ya kwetu, kwapani tangu asubuhi. Ujanani aliunganisha simu za watu kwa mkono, kwenye ubao wa nyaya, na huko alifundishwa kumsomea mteja namba aliyoomba kabla ya kuchomeka waya. Mbao zile zilipotupwa, akajifunza kompyuta, akaja kwetu na tabia ile ile.

Sisi tunatunza seva za kliniki zinazosafisha damu ya wagonjwa wa figo. Kliniki zilipokuwa tatu, tuliunda seva moja moja kwa mkono. Zilipofika kumi na tisa tungekufa, kwa hiyo kila kitu kikaandikwa kwenye mafaili: seva ngapi, za ukubwa gani, zihifadhi nini. Programu huyasoma mafaili hayo, hulinganisha na kilichopo, kisha hutoa mpango: hiki nitaongeza, hiki nitabadilisha, hiki nitabomoa. Mtu akiandika "ndiyo", imekwisha, haiulizi mara ya pili. Mwandishi wa hiyo "ndiyo" alikuwa Nélida, na hakuiandika kabla ya kuusoma mpango wote kwa sauti, mstari kwa mstari, huku akisogeza rula ya mbao kwenye kioo cha kompyuta.

Ijumaa ile mpango ulikuwa na mistari elfu moja na mia nne. Fundi wetu Maicol Techera, hodari, na anajijua kuwa ni hodari, alikuwa amelichukua faili moja kubwa la kliniki zote akaligawa, kila kliniki na folda yake, ili tuweze kuongeza nyingine kumi na moja. Wazo zuri, sikatai. Shida ilikuwa saa. Seva ya kliniki ya Tacuarembó ilikuwa imeelemewa, orodha ya wagonjwa ikichukua dakika nzima kufunguka, na tulikuwa tumeahidi kuwapa kubwa zaidi kabla ya saa saba mchana, zamu ya pili ya wagonjwa inapoingia; nayo ilikuwa ndani ya mpango ule ule. Zulma, muuguzi mkuu wa kule, alikuwa ameshanipigia mara nne.

"Saa sita na nusu hii," alisema bosi wetu, Ruben Olascoaga, akiwa amesimama nyuma ya kiti cha Nélida. "Bi Nélida, unatusomea misa?"

"Mstari wa mia sita na tatu. Ukinikatiza naanza upya."

"Mwenda pole hajikwai, lakini na harusini hafiki!"

Maicol akacheka. "Mama, mimi nimeshaupitia wote. Andika tu ndiyo, tukale."

"Umeupitia, au umeusoma?"

"Yale yale."

"Si yale yale, mwanangu. Mia sita na nne."

Olascoaga akapiga mgongo wa kiti. "Basi sikia. Kuanzia Jumatatu kazi hii nakuondolea. Programu itajipa ndiyo yenyewe, tupumue."

Nélida hakugeuka. Aliendelea kusoma: seva ya Rivera, itaongezwa; seva ya Artigas, itaongezwa. Simu ikalia tena. Sikuipokea. Nami, niseme ukweli, wakati huo nilimchukia yule mwanamke na rula yake.

Saa saba kasoro dakika kumi rula ikasimama.

"Hifadhidata ya Tacuarembó," alisoma. "Itabomolewa."

"Na chini yake inajengwa mpya," Maicol akasema. "Nimeihamishia kwenye folda yake tu. Programu haitambui kuwa ni ile ile, inabomoa huku, inajenga kule. Hata seva zimefanya hivyo hivyo."

"Seva ukiibomoa unajenga nyingine. Majina ya wagonjwa, na uzito wao, na dawa zao, atayajenga nani?"

"Haitabomoka hata ikitaka. Hifadhidata zote zina kinga, nimezi..." Akavuta kompyuta yake. "Kinga ya hii niliitoa jana. Ilikuwa inanigomea nikihamisha."

"Hukuirudisha?"

"Nilisahau."

"Si kuna nakala za akiba?" Olascoaga akauliza, safari hii kwa sauti ya chini.

Maicol alibofya, akabofya tena. "Zimefungwa pamoja nayo, bosi. Ikienda, zinaenda nayo."

Wagonjwa mia mbili na kumi na wawili. Nani atolewe maji kiasi gani, nani dawa fulani itamziba koo. Nélida akaandika "hapana"; alikosea mara mbili kabla ya kuipata.

Saa saba ikapita, simu ikalia. Kabla sijainyanyua, yeye akaichukua. Zulma alifoka hadi sote tukamsikia.

"Ndiwe unayetuchelewesha? Mliahidi saa saba! Watu wameshakaa kwenye viti hapa, nyinyi mnakunywa mate huko!"

Nilimtazama Olascoaga nikingoja aseme neno. Alikuwa anatazama viatu vyake. Nilitaka kuipokonya ile simu nimwambie yule muuguzi anamtukana nani.

"Ni kweli, dada, tumechelewa," Nélida akasema. "Tusamehe. Wagonjwa wako wangapi mchana huu?"

"Kumi na sita!"

"Orodha yao unaiona?"

"Naiona! Inajikokota, lakini naiona. Kwa nini nisiione? Swali gani hilo?"

"Basi, dada. Asante."

Akaiweka simu mezani taratibu, akajifunika uso kwa viganja, akalia.