Miti Aliyoipanda Beberu

Tempoko alipoolewa katika jimbo la Yatenga, ukoo wa mumewe ulimwazima kipande cha ardhi kilichokufa zamani. Kilikuwa kigumu kama sakafu. Hata mbuzi walikipita bila kuinamisha vichwa. Mwanamke apewe nini zaidi? Ndivyo walivyoona, na wala hawakuona haya.

Kila kiangazi, jua likimchoma utosi, alichimba vishimo vya kina cha kiganja, safu kwa safu, akatia mboji aliyoivundika mwenyewe nyuma ya nyumba: mabua, majivu, na samadi ya mbuzi wa shemeji yake Noaga, mvivu asiyefagia hata zizi lake. Mchwa wakaifuata mboji, wakatoboa ardhi, mvua ikapata pa kuingia. Mwaka wa sita mtama ulimpita kimo. Akalisha nyumba nzima, Noaga akiwemo, tena huyo ndiye aliyeongezewa ugali mara mbili.

Katikati ya mtama ikachipua migunga. Hapo Noaga akapata neno. Kwao, aliyeazimwa ardhi hapandi mti, maana anayepanda mti anadai shamba ni lake. Akampeleka Tempoko kwa mkuu wa ardhi, mzee aliyeamua kesi za mashamba.

"Mtazameni shemeji yangu! Kaazimwa shamba, kapanda miti. Anataka kuturithi tungali hai!"

"Nimepanda mimi?" Tempoko alifoka. "Mbuzi wako wamekula maganda ya migunga, wakanya mbegu, mimi nikabeba mavi yao kichwani miaka sita. Kamshitaki beberu wako, shemeji, ndiye aliyepanda!"

Watu wote uani wakaangua kicheko. Mkuu naye alicheka, akapangusa machozi, kisha akakata shauri. Tempoko hana kosa, hakupanda. Lakini miti imetoka kwa mbuzi wa Noaga, basi ni ya Noaga, na shamba liifuate miti.

"Usinune, mama," akaongeza. "Kule mlimani kuna kipande kingine kimekufa. Wewe una mkono wa kuponya. Tutakuazima hicho."

Na kweli mzee yule alidhani anamsifu!

Hasira ilimpanda Tempoko. Miaka sita ya mgongo wake, halafu anaonyeshwa pengine pa kuanza upya, ili wapanyakue pakishapona. Akalitupa miguuni pa Noaga jembe alilokuja nalo.

"Kaponyeni wenyewe," alisema, akaondoka bila kuaga.

Noaga alilitazama jembe. Hakuinama kuliokota.