Mstari wa Chini wa Kopo

Kopo lolote la dawa ya uso likifika mkononi mwangu, naligeuza nyuma kwanza. Mbele ni pa picha, na picha haina chunusi. Wajukuu wangu hapa Bweri wamenizoea. Wakinunua kitu mjini wananiletea, navaa miwani, nasoma vilivyomo mpaka mstari wa mwisho, hata ule wenye maandishi madogo kama mayai ya chawa, ndipo natoa hukumu. Hii ina manukato mengi, itakuwasha. Hii ina mafuta mazito, itaziba matundu. Hii wameficha zebaki ndani, katupe chooni. Wananisifu eti bibi ni mtaalamu. Mimi nanyamaza, maana nilipojifunzia kuheshimu mstari wa mwisho sijawahi kuwaambia.

Nilikuwa na chunusi mbaya nikiwa msichana. Sisemi vile vipele viwili vya siku za mwezi. Nasema chunusi za usaha, kidevuni, mashavuni, mpaka mgongoni, zinauma ukizilalia. Nilikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni mjini Musoma, miaka ile ya Ujamaa, tunalima shamba la shule asubuhi na mchana tunafundishwa siasa. Wenzangu waliniita Gunzi. Nilikuwa naitikia huku nacheka, halafu naenda kulia nyuma ya jiko.

Basi nikageuka mtafiti. Kila kilichopatikana nilikijaribu usoni, na matokeo niliyaandika nyuma ya daftari la hesabu. Sabuni ya mche, ile ya kufulia, ilinikausha ngozi mpaka ikawa inavutika nikicheka, na baada ya siku mbili mafuta yakatoka mengi kuliko mwanzo. Mafuta ya mgando yalinipa uso unaong'aa na chunusi zilizonona. Dawa ya maji ya rangi ya waridi, ya zahanati, yenye zinki, ilituliza mwasho ila ilinifanya nionekane nimepakwa chokaa, na haikuponya kitu. Halafu kulikuwa na krimu ya tyubu, iliyovushwa mpakani imefichwa kwenye mafungu ya kanga, kwa sababu vijana wa chama walikuwa wanaikamata pamoja na sketi fupi. Hiyo ilifanya kazi upesi, sikatai. Wiki ya tatu uso ulianza kutulia. Wiki ya sita msichana aliyenigawia alikuwa na mashavu mekundu na masikio meusi, nikaacha kwa woga, si kwa busara. Neno zebaki lilikuwa limeandikwa palepale kwenye tyubu. Tulilijua kutoka darasa la kemia, tukalipuuza.

Kilichonisaidia kweli kilikuwa kipande cha sabuni ya njano, kidogo kama kidole gumba, alichonipa binti mmoja ambaye baba yake alikuwa ofisa. Kilinuka kama njiti ya kiberiti iliyozimwa. Karatasi yake ilisema ina salfa, sehemu chache katika mia, na nyingine yote sabuni ya kawaida. Nilinawia kidogo kidogo kwa mwezi mzima, na kidevu changu kikapona. Nikaandika kwenye daftari, SALFA, nikapiga mistari miwili chini yake. Zile sehemu chache katika mia sikuziandika. Ukitaka kujua ujinga wangu ulianzia wapi, ulianzia hapo.

Likizo ikafika, nikarudi nyumbani. Kwetu ni upande wa Bunda, watu wa pamba na ng'ombe. Nilimkuta dada yangu mkubwa amechumbiwa na kijana wa Butiama. Zilibaki siku nane tu shangazi zake yule kijana waje kumwona bibi arusi kwa macho yao, kabla idadi ya ng'ombe haijatajwa. Dada naye alikuwa na chunusi, ni ugonjwa wa ukoo wetu. Yeye aliishia darasa la nne ili mimi niendelee, na hakuwahi kunisimanga kwa hilo. Mimi nilipata shule, na yeye alikuwa anaingoja ndoa ile. Alimpenda yule kijana, aliniambia mwenyewe huku anajifunika uso kwa kanga.

Sasa nyumbani kwetu, binti akichumbiwa, mama mzazi hamshiki uso. Wanasema jicho la mama mzazi linadanganya, linaona uzuri hata usipokuwepo. Kazi hiyo anapewa mama mwingine wa boma, na kwetu aliipata mama mdogo, mke wa pili wa baba. Alikuwa mwanamke mpole, mfugaji wa mbuzi, aliyezaa watoto wawili na kuwazika wote wawili. Dawa yake ilikuwa shubiri mwitu. Alikata majani asubuhi, akayasimamisha kwenye bakuli mpaka utomvu wote wa njano udondoke, kwa sababu alisema huo utomvu unachoma. Kisha alikwangua ule ute mweupe, akauweka kwenye chungu kidogo. Dada alipaka mara moja kwa siku na kunawa kwa maji ya uvuguvugu. Samli alimkataza kabisa. Alisema chunusi hailishwi mafuta, na tena haikamuliwi. Nilipofika dada alikuwa na wiki tatu za dawa hiyo, na uvimbe ulikuwa umeshashuka. Leo, na uzoefu wangu wote, sioni kasoro hata moja katika matibabu yale.

Lakini wakati ule nilikuwa na kidato cha pili kichwani. Nilimwambia mama mdogo kwamba dawa yake ni dhaifu, siku nane hazitatosha. Alinijibu kwamba uso si shamba la kupalilia kwa jembe, na haraka haraka haina baraka. Nikamjibu moyoni kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, nikaondoka nimenuna.

Ghalani, juu ya magunia ya pamba, baba alikuwa na kopo la unga wa njano, dawa ya upele wa mbuzi aliyopewa na bwana mifugo. Nililifungua. Harufu ilikuwa ileile ya kile kipande cha sabuni. Nikaligeuza, nikasoma. Salfa, iliandikwa ya kwanza kabisa. Zikafuata dawa nyingine mbili zenye majina marefu nisiyoyajua. Na chini kabisa, kwa wino mwekundu, iliandikwa kwa Kiingereza kwamba ni ya mifugo tu, na isiguse ngozi ya mtu. Nilisoma mstari huo. Natamani ningesema sikuuona, au Kiingereza kilinishinda, lakini nilisoma na nikaelewa. Nilijiambia kwamba wameandika hivyo kwa ajili ya watu wasiosoma.

Mama mdogo alikuwa ameenda kisimani. Niliingia nyumbani kwake, nikatia vijiko vitatu kwenye chungu chake, nikakoroga kwa kidole. Sikumwambia yeyote. Nilikuwa nimeshaipanga ile siku kichwani mwangu: wageni wamekaa, dada uso unang'aa, wote wanamsifu mama mdogo, halafu mimi nainuka na kusema ni elimu yangu iliyofanya haya. Hebu fikiria. Niliutaka uso wa dada yangu uwe cheti changu.

Dada alipaka baada ya chakula cha mchana, akakaa barazani anachambua pamba. Aliona rangi imekuwa ya njano, akadhani ni utomvu kidogo umebaki. Baada ya muda akasema inachoma. Nilikuwa nimekaa karibu naye kabisa. Nikamwambia ikichoma ndiyo inafanya kazi. Akavumilia, kwa sababu mimi ndiye msomi wa nyumba. Alipokuja kunawa, jua limeshapinda, macho yalikuwa yameanza kufumba. Kesho yake yalitoka malengelenge, na siku ya tatu ngozi ya mashavu ilikuwa inabanduka.

Wale shangazi walikuja siku yao. Walikunywa maziwa, walimtazama dada kwa adabu, wakasema watarudi akipona. Hawakurudi. Dada alikuja kuolewa Butiama hiyohiyo baadaye, na mwanaume mwingine, mzee, akawa mke wa tatu. Mashavu yake yana madoa meusi mpaka leo.

Jioni ya siku waliyoondoka wageni, baba alituita wote uani. Shangazi yetu, dada yake baba, ndiye aliyesema kile ambacho wengine walikuwa wanakinong'ona, kwamba mwanamke aliyezika watoto wake hawezi kumtakia mema mtoto wa mwenzake. Mama yangu alilia tu. Baba akasema kwamba anataka kujua kama kuna mkono mwingine ulioingia kwenye chungu kile, na kama ni mtoto aliyechezea dawa, basi shule imekwisha kwa mtoto huyo. Mtoto wa shule pale alikuwa mmoja.

Mama mdogo aliletewa chungu. Alikiinamia, akanusa. Mtu anayefuga mbuzi na kuwapaka dawa kwa mikono yake mwenyewe, ataacha kuijua harufu ile? Aliinua macho akanitazama, si usoni, mikononi. Mikono yangu ilikuwa mapajani, na rangi ya njano ya ule unga ilikuwa bado chini ya kucha, pamoja na kusugua siku zote zile. Nikakunja vidole.

"Dawa ni yangu," alimwambia baba. "Sikuutoa utomvu vizuri."

Nilinyamaza. Jamani, sikuinua hata kichwa. Nilihisi nafuu, na hiyo nafuu ndiyo inayonitia aibu kuliko unga wenyewe. Unga ulikuwa ujinga wa msichana wa miaka kumi na sita. Ule ukimya niliuchagua, na niliuchagua tena kesho yake, na kila siku ya likizo iliyobaki.

Hakupigwa. Alitengwa tu. Watoto walikatazwa kula kwake, mama hakupokea tena maziwa kutoka mkononi mwake. Ulipofika mwaka wa kuhamia kijiji cha ujamaa, nyumba zikipangwa kwa mistari, baba alipima kiwanja kimoja badala ya viwili. Mama mdogo akawaswaga mbuzi wake akaenda kwa kaka yake, Bukima, kando ya ziwa. Mimi wakati huo nilikuwa shuleni, naandika insha kuhusu udugu wa Waafrika. Nilipata alama nzuri sana.

Nikawa muuguzi. Wakaniweka kwenye chumba cha magonjwa ya ngozi, nikafundisha wanawake wa mkoa mzima kwamba dawa ya ng'ombe si ya mtu, na kwamba kitu kikiuma si lazima kiwe kinaponya. Walinishukuru. Kila mara nilipopata nafasi ya kwenda Bukima nilipata na sababu ya kutokwenda. Baba akafariki. Miaka miwili baada ya kumzika, nikaenda.

Nilimkuta mama mdogo anaanika dagaa. Nikapiga magoti, nikampa shikamoo, nikampa sukari na sabuni isiyo na manukato. Alinipokea kama mtoto aliyerudi kutoka shule. Tukala, tukaongea mambo ya mvua na ya mbuzi. Kisha akaingia ndani, akatoka na tyubu ya dawa ya miguu aliyopewa zahanati.

"Nisomee," akasema. "Yote. Na ule mstari wa chini usiuruke."

Nikasoma. Isiingie machoni. Iwekwe mbali na watoto. Nilipofika hapo nikaishusha tyubu, nikamwambia kila kitu, kopo, vijiko vitatu, wino mwekundu. Aliendelea kugeuza dagaa wake mpaka nikamaliza.

"Nilijuaga siku ileile," akasema. "Bwana mifugo aliniambiaga isinishike ngozi, nikashangaa wewe unayesoma hukujua. Nilikuwa nakungoja useme wakati baba yako angali hai."

Akaniambia yeye hana haja ya kuambiwa tena, niende nikamwambie dada yangu. Nikamwahidi.

Mvua zilizofuata akafa. Nilipita Butiama kwanza, kumchukua dada twende kuzika. Alisimama mlangoni, mwanga umempiga mashavuni, akasema hawezi kumtupia udongo mtu aliyemharibia uso. Maneno yalikuwa ulimini kwangu, yote, kwa mpangilio. Nilifungua mkoba, nikatoa krimu ya makovu niliyomletea kutoka hospitali, nikamweleza vilivyomo, nikamsomea polepole mpaka mstari wa chini. Akanishukuru sana.

Kule Bukima waombolezaji walipomuulizia, niliwaambia dada anaumwa.