Joka, Lango na Mkono wa Kulia

Joka lilipotujia mara ya kwanza lilikuta vijitu saba vimekaa barazani vinapunga upepo. Saba! Nje ya ukuta, mbele ya lango, vimejipanga kama havina kazi duniani. Na mimi nilishasema. Wallahi nilishasema, tangu siku lile baraza linajengwa.

Ngoja nieleze vizuri, maana hasira zinanitangulia. Mume wangu ni fundi ujenzi. Nusu ya nyumba za mtaa wetu hapa Ngamiani zimepita mikononi mwake. Kisha kiharusi kikampiga upande wa kulia. Mguu ulirudi. Ulimi nao ukarudi, tena ukarudi na maneno mengi kuliko uliyoondoka nayo. Mkono ndio uliobaki umelala. Mtaalamu wa mazoezi pale hospitali alituambia waziwazi kwamba miezi hii ndiyo yenyewe, asipoutumia mkono sasa utabaki hivyo hivyo. Yeye akawa anauficha chini ya shuka. Anakula kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto, na kwa sababu hiyo hataki mgeni yeyote amuone akila. Mtu aliyekuwa hakai kwenye sinia bila kuita wapita njia!

Binti yetu, anayefanya kazi Dar, ndiye aliyetuletea kompyuta yake ya zamani ikiwa na gemu ndani. Unajenga ngome mlimani. Unaonyesha wapi pachimbwe na wapi pasimame ukuta, na vijitu vifupi vyenye ndevu vinakwenda kufanya kazi. Sharti lilikuwa moja tu: mausi ishikwe kwa mkono wa kulia.

"Baba ni fundi," aliniambia jikoni. "Akiona ukuta hataweza kujizuia."

Na kweli hakuweza. Wiki ya kwanza alikuwa anausukuma ule mkono kwa bega, anatoka jasho, anatukana. Wiki ya tatu kidole cha shahada kikaanza kubonyeza. Nilifurahi mpaka nikaona anachojenga. Amejenga ukuta mzuri, lango zuri la kushuka na kupanda, halafu nje ya lango ameweka baraza, pande zote mbili, limenyooka kama la nyumba ya harusi.

"Hilo la nini?"

"Watu watakaa wapi?"

"Bwana we, hii si nyumba, ni ngome. Humo mna majoka."

"Na hao nao ni watu," akasema, na hapo mjadala ukaisha, maana mume wangu akishasema jambo la ujenzi huwa amemaliza.

Basi joka ndilo hilo limekuja, alasiri, mimi niko kwenye cherehani namalizia gauni la mteja. Nikasikia anaguna. Kuinua macho, baraza zima linawaka. "Funga lango!" nikapiga kelele. Kuna kitufe pembeni, ukikibonyeza lango linashuka. Akaanza kukifuata. Mshale wa mausi ukaenda kisimani. Akaurudisha, ukapita mbali, ukaenda kwenye ghala la mawe. Joka linatembea, yeye anatetemeka, mshale unacheza. Nikashindwa. Niliruka kutoka kwenye cherehani, nikamnyang'anya ile mausi, nikabonyeza. Lango likashuka. Wale saba wa nje waliungua, waliokuwa ndani wote wakapona.

Nikamgeukia nikingoja angalau ahsante. Alikuwa ananitazama mimi, si kompyuta.

"Haya, ngome yako hiyo," akasema, akaingiza mkono chini ya shuka.

Akasusa. Mwanamume mwenye wajukuu, kanisusia kwa sababu ya joka la kuchora! Siku ya kwanza nikadhani utani. Siku ya pili akanipa mgongo kutwa. Siku ya tatu nikamsogezea kompyuta, akaigeuzia ukutani kwa mkono wa kushoto. Nilitamani kumpiga na mwiko. Nikampigia simu binti yangu nimshitakie baba yake.

"Mama, ulimnyang'anya?"

"Nimemuokolea watu wote!"

"Watu gani, mama?"

Nikamkatia simu. Mtoto niliyemzaa mwenyewe! Nikarudi kwenye cherehani, nikaunga mkono wa gauni nje ndani, nikaufumua, nikauunga tena vile vile. Kilichoniuma ni kwamba alisema kweli. Tena haikuwa mausi peke yake. Vifungo vya shati nilikuwa namfunga mimi, kabla hajajaribu. Mkate namkatia mimi. Akitafuta neno, namalizia mimi. Kutwa nalalamika mkono hauamki, na kila ukijitikisa mimi nimeshafika.

Kuomba radhi sikuomba, niseme ukweli. Sijui kuomba radhi, mama yangu hakunifundisha. Nilichofanya, siku ya nne niliigeuza kompyuta, nikakaa mbele yake, nikaanza kujenga. Nikajenga ukuta wa kupinda. Nikaweka mlango mahali ambapo hata mbuzi asingeweka. Nikapandisha ngazi isiyokwenda popote. Nyuma yangu nikasikia anahema.

"Hiyo nini?"

"Ukuta."

"Umepinda."

"Mimi nauona umenyooka."

"Ebo! Toka hapo," akasema, na shuka likaanguka chini. Nikatoka mbio. Alibomoa kazi yangu yote kwa kidole kimoja, tofali baada ya tofali, akininung'unikia mpaka adhana ya magharibi. Nilikwenda zangu uani nikacheka peke yangu kwenye kanga.

Joka la pili likaja siku ambayo wifi yangu, dada yake mume wangu, alikuwa amekuja kutoka Pangani kumjulia hali. Tumekaa chini kwenye mkeka, wifi anaeleza habari za huko, mume wangu yuko kwenye kompyuta yake, mara ngurumo. Safari hii joka lilikuwa kubwa zaidi na vijitu barazani vilikuwa kumi na kitu. Sikusema kitu kuhusu baraza. Mungu ni shahidi wangu, sikusema.

Niliingiza viganja vyangu chini ya mapaja, nikavikalia.

Mshale ukaondoka. Ukaenda kulia, ukapita. Baraza likawaka. "Yarabi, wanaungua!" wifi akasema. "Wifi, msaidie mwenzio!" Mume wangu anakaza meno, mshipa wa shingo umemtoka, mshale umefika karibu na kitufe, ukateleza. Joka likaingia langoni. Ghala likashika moto. Vitanda vikashika moto. Wifi akainuka kunyoosha mkono.

"Asiguse mtu!" nikasema kwa sauti ambayo sijawahi kumtolea wifi yangu tangu niolewe. Akakaa.

Ule mkono ulikuwa unatetemeka kuanzia begani. Ukarudi tena, polepole, kidogo, kidogo. Ukasimama juu ya kitufe. Kidole kikainuka, kikakaa juu muda ambao mtu angekunywa kikombe cha chai, halafu kikashuka. Lango likajifunga, puu!

Joka likiwa ndani. Na watu wote wakiwa ndani nalo.

Tukatazama wakimalizika, mmoja mmoja. Wifi alikuwa ameshika mdomo. Mimi nilikuwa nimeshaufungua wangu, maneno yote yako tayari, ya baraza, ya ubishi, ya miaka yote thelathini ya kuishi na fundi. Akanigeukia. Uso mzima ulikuwa umelowa jasho.

"Nimefunga," akasema.

"Umelifungia ndani, mume wangu."

"Lakini nimefunga. Mwenyewe."

Nikaumeza moshi wangu wote. Nikaona nikisema neno refu nitalia mbele ya wifi.

"Sijaona vizuri," nikamwambia. "Fungua tena."

Akabonyeza. Lango likapanda.

"Funga."

Likashuka. Mle ndani hamkuwa na mtu tena wa kuokoa, joka limejilaza kwenye majivu, na sisi tunafungua na kufunga, tunafungua na kufunga, wifi anatutazama kama tumerukwa na akili.