Ovaroli ya Marehemu

Mume wangu alifia kazini. Nasema kazini! Bomba la mvuke lilimpasukia ndani ya chumba cha injini, meli ya mizigo ikiwa njiani kutoka Bukoba. Nilipokwenda bandarini kudai fidia, nikakuta kampuni imeshauzwa. Karani mgeni, mtu wa tai, akafungua faili, akalifunga.

"Mama, marehemu alikuwa kibarua tu. Kibarua hana fidia. Weka dole gumba hapa, yaishe."

Kibarua! Miaka kumi na mmoja! Dole sikuweka.

Njiani ndipo nikakumbuka. Vibarua walivaa kaptula zao wenyewe. Waajiriwa ndio waliopewa ovaroli, mbili mbili, namba ya mwenyewe imeshonwa kifuani. Yake ya pili ilibaki nyumbani siku ile, nami, mjinga mie, siku ya kumaliza matanga nikaiacha igawiwe pamoja na nguo zake nyingine. Ilichukuliwa na kaka yake wa Misungwi.

Nilimkuta anapalilia pamba, kaivaa, magoti yameshatoboka.

"Shikamoo shemeji. Naiomba hiyo ovaroli."

"We mama! Nguo iliyogawiwa unairudishaje? Unataka kumrudisha marehemu?"

"Arudi. Nina kazi naye."

Alinitazama, akaona sitanii. Nikampa khanga yangu ya juu ajifunge, akaenda kuvulia nyuma ya kichaka huku akilalamika.

Kesho yake niliivaa mwenyewe, miguu nimeikunja mara tatu, nikapita nayo Mkuyuni katikati ya soko. Vicheko!

"Mama fundi, njoo unitazamie pampu!"

"Nikitoka bandarini!" nikajibu, bila kupunguza mwendo. Aibu niliiona, sikatai, lakini hasira ilikuwa kubwa zaidi.

Karani aliponiona alisimama.

"Leta daftari la stoo, lile la kupokelea ovaroli," nikamwambia, "usome namba hii."

Alizungushazungusha maneno, mwishowe akalileta. Namba ilikuwemo, na jina, na saini ya mume wangu, ile herufi ya mwisho aliyopenda kuivuta mkia. Machozi yalinilenga, nikayazuia.

"Sawa, mama. Ivue basi, ibaki hapa kama ushahidi."

"Andika kwanza: mwajiriwa, amefia kazini."

Akaandika. Nikasoma kwa sauti, ofisi nzima isikie, nikachukua nakala yangu yenye mhuri.

"Na ovaroli, mama?"

"Mliwapa mbili mbili. Moja ameungulia ndani yake. Hii siachi."